Chumvi na Jeneza Chini ya Paa Moja

Ada yangu ya shule ililipwa kwa chumvi, sukari, mafuta ya taa na majeneza. Wazazi wangu walikuwa na duka katika mji mdogo kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, kabla hujafika Magu, mahali ambapo ukipanda jiwe lolote unaliona Ziwa Victoria nyuma ya mashamba ya pamba. Mbele, mama aliuza vitu ambavyo kila duka la kwetu linauza: sabuni ya mche, viberiti, majani ya chai, ndala, madaftari, mafuta ya kula ya kupima. Nyuma, chini ya banda la mabati, baba alikuwa na meza yake ya useremala. Alitengeneza milango, vitanda na madawati, na mtu akifariki alitengeneza jeneza. Hatukuwa na kibao cha kutangaza kazi hiyo. Watu walijua tu.

Wapo wanaoona ajabu kwamba familia moja iuze sukari na majeneza. Lakini miji midogo ya Uingereza na Marekani iliishi hivyo kwa miaka mingi; seremala wa kijiji au mwenye duka la samani ndiye aliyezika watu, kwa sababu ndiye aliyekuwa na mbao na vifaa. Kwetu sababu hiyo ipo, na ipo nyingine nzito zaidi. Mtu akifa alfajiri, kabla ya saa nne asubuhi nyumba yake inahitaji sukari, majani, mchele, sabuni, betri za tochi, misumari ya kufungia turubai, na daftari jipya la kuandikia michango. Anayetumwa kuvitafuta vyote hivyo anakuja dukani. Mara nyingi mama alipata habari za msiba kabla ya balozi wa nyumba kumi, kwa sababu mtoto alifika kugonga dirisha kukiwa bado giza na kusema, "Mama, wamesema utupe sukari kilo tano, pesa baadaye." Kwa kilo tano za sukari saa hiyo, hapakuwa na haja ya kuuliza.

Kipimo kililetwa na ndugu wa marehemu. Zamani hizo hakuna aliyekuja na futi. Alikuja na kamba ya katani yenye mafundo mawili, moja la urefu na jingine la mabega. Baba aliipokea kwa mikono miwili, akainyoosha juu ya mbao, akaongeza upana wa kiganja, akaweka alama kwa penseli iliyokaa sikioni. Mbao zilikuwa za paini, nyingi zikitoka msitu wa Rubya kule Ukerewe au Buhindi upande wa Sengerema. Mwenye uwezo aliomba mninga. Ubao wenye ufa hakuutumia hata kama ufa ungefichwa na kitambaa. Upande wa ndani aliupiga randa na msasa sawasawa na wa nje. Nikiwa mdogo nilimuuliza kwa nini anajisumbua na mahali pasipoonekana. Akaniambia, "Wanaomlaza mikono yao itapita humo." Kazi ikiisha, ile kamba aliikunja na kuiweka chini ya kitambaa, iende na mwenyewe. Haikurudi dukani kufungia mzigo wa mtu.

Nyundo ilipoanza kugonga, mama alizima redio. Mteja aliyekuja kununua chumvi alisikia, akauliza kwa sauti ndogo, "Ni nani, mayu?" Mama akamjibu. Basi mteja huyo aliondoka na chumvi yake akiwa tayari anajua kwamba jioni atachota maji au kubeba kuni kwenda kwenye nyumba ile. Habari za msiba zilisambaa hivyo mjini kwetu, na bado sijaona njia ya kuzipeleka yenye heshima kuizidi ile.

Waislamu wa mji wetu hawakuhitaji jeneza la kununua. Lao lilikuwa msikitini, likichukua maiti ya kila mtu hadi makaburini na kurudi. Wao walikuja kwa mama kununua bafta nyeupe ya sanda, vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke, pamoja na pamba, udi, marashi na kafuri. Kwa baba walichukua mbao za kufunikia mwanandani. Mama, ambaye ni Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, alikuwa akiikata bafta ile akiwa amejifunga khanga kichwani, kwa ajili yao. Hakuna aliyemfundisha. Na nilipokua nikaanza kuona watu wakishindana kwa majeneza, nililikumbuka sana lile jeneza la msikitini linalomchukua mwenye mabasi leo na mchoma mkaa kesho.

Sasa nieleze habari za madaftari, maana humo ndimo nilimosomea zaidi kuliko darasani.

Watu wa kando ya ziwa hawapati pesa kila siku. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa zikiwaka juu ya maji ili kuwavuta; mwezi ukipevuka mitumbwi hukaa ufukweni na watu hula kwa mkopo. Mkulima wa pamba naye hupanda mwishoni mwa mwaka na fedha akaiona katikati ya mwaka unaofuata, msimu ukifunguliwa na mvua zikiwa zimemhurumia. Duka lisilokopesha katika mji wa namna hiyo halimalizi mwaka, na linalokopesha ovyo nalo halimalizi. Mama alikuwa na kauntabuku ya jalada gumu, kila familia na ukurasa wake. Iliwekwa juu ya meza ya duka, na deni likisomwa lilisomwa mbele ya waliopo. Hakuna aliyeona vibaya, kwani kila mmoja alijua zamu yake inakuja.

Baba alikuwa na daftari lake tofauti, la kawaida la shule, ndani ya droo ya misumari. Deni la jeneza liliandikwa humo na halikusomwa mbele ya mtu yeyote. Mwenye deni alijua, baba alijua, basi. Wengine walilipa msimu wa pamba, wengine kwa debe za dagaa, mmoja alilipa kwa kutuchimbia kisima. Jeneza la mtoto hakulidai ufundi. Alichukua gharama ya mbao tu, na mara nyingi hata hiyo hakuitaja. Nilipojifunza kusoma hesabu zake niliona majina yaliyokaa miaka bila kufutwa, na watu wenyewe tukiwa tunasalimiana nao kila siku, wakinunua kiberiti, wakiulizia masomo yangu. Sikuwahi kumsikia baba akimkumbusha mmoja wao.

Mazishi ya kwetu yana desturi: udongo ukishafukiwa, msemaji wa familia hutangaza kwamba anayemdai marehemu au anayedaiwa naye aonane na familia. Mama hakwenda kusimama mbele yao. Alisubiri matanga yaanuliwe, akafunga kilo ya sukari kwenye khanga, akaenda nyumbani kwa wafiwa kama jirani. Alikaa, akala walichokula, akaongea na mkubwa wa nyumba pembeni. Baadhi ya madeni yalihamia ukurasa wa mtoto mkubwa wa marehemu kwa ridhaa yake. Mengine aliyapiga mstari mwekundu na hakuyazungumza tena. Nilidhani kwamba anafanya hivyo kwa huruma tu. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipotambua kwamba hesabu pia ilikuwamo: familia iliyoaibishwa siku ya msiba hainunui tena kwako, wala watoto wake, wala wajukuu.

Hilo ndilo jambo ninalotaka kulisema katika andiko hili. Kilichomfanya baba asimwibie mfiwa hakikuwa dini peke yake, ingawa alikuwa nayo. Ni ile chumvi. Mtu aliyeuziwa jeneza Jumatatu angerudi Jumatano kununua chumvi, angesimama pale pale mezani, na macho yangekutana. Biashara ya msiba ina hatari ambayo biashara nyingine hazina: mnunuzi hana muda, hana nguvu ya kubishana, haoni vizuri kwa machozi, na anaogopa kuonekana bahili mbele ya ukoo. Mwuzaji anaweza kumtajia bei yoyote. Kwetu mkono wa mwuzaji ulizuiwa na kesho yake. Baba aliitaja bei mara moja, kwa sauti ya chini, na ilikuwa ileile kwa diwani na kwa mchungaji wa ng'ombe, tofauti ikiwa mbao tu.

Niliona upande wa pili wa jambo hili baba yangu mdogo alipofariki katika hospitali moja ya mjini. Katika miji yetu mikubwa maduka ya majeneza hupangana jirani na hospitali, na vijana wanaoyauza humtambua mfiwa kwa mwendo wake. Yule tuliyemfikia hakuuliza urefu wa marehemu. Aliuliza, "Mzee alikuwa anafanya kazi gani?" Tukajibu kwamba alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na bei ikatoka kwenye jibu hilo. Akatuonyesha majeneza yanayong'aa, yenye vishikio vya rangi ya dhahabu na dirisha la kioo. Nikalipitishia mkono moja kwa ndani nikakuta mbao hazijapigwa hata msasa. Kijana yule ana kodi ya fremu ya kulipa na watoto wa kulisha kama sisi. Lakini hatutaonana tena, yeye analijua hilo, na bei yake inalijua.

Sitaki kuifanya nyumba yetu kuwa takatifu. Tulikula matunda ya vifo vya watu, na miaka fulani tulikula vizuri. Miaka ya tisini Ukimwi ulipita kanda ya ziwa ukivunja nyumba. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na kufika muongo uliofuata kila ukoo kwetu ulikuwa na kaburi changa. Kisesa, kwenye barabara yetu hiyo hiyo, watafiti walianza mwaka 1994 kuufuatilia ugonjwa huo kaya kwa kaya, na kazi yao imeendelea miaka mingi. Baba alikuwa akifanya kazi usiku kwa karabai. Tulinunua baiskeli mpya, tukaezeka upya. Shuleni waliniita mtoto wa majeneza, na mtaani palikuwa na mnong'ono kwamba baba huomba watu wafe. Maneno hayo yalimuumiza kuliko alivyoonyesha. Aliacha kukaa barazani jioni kwa muda mrefu, kwa kuogopa kwamba anayepita angedhani anahesabu wagonjwa.

Kisha dawa zikaja. Mwaka 2004 serikali ilianza mpango wa kutoa ARV bila malipo, na taratibu zikafika hadi vituo vya afya vya kwetu. Watu waliokuwa wamekonda hadi mifupa walirudi mashambani. Oda zikapungua mwezi hadi mwezi, zikabaki za wazee na za ajali. Siku moja kwenye sala ya chakula baba alimshukuru Mungu kwa sababu mbao zilikuwa zimekaa banda zima bila kuguswa tangu Pasaka. Mapato yalikuwa yameshuka, na mama ndiye aliyekuwa akijua yameshuka kiasi gani. Naye aliitikia amina kwa sauti. Nimekutana na wafanyabiashara wengi tangu hapo. Sijamsikia mwingine akishukuru hivyo, na ndiyo maana mnong'ono ule wa mtaani nikiukumbuka hadi leo moyo hunichoma.

Kuna msiba mmoja ambao duka letu halikuuweza. Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 800 walikufa. Maiti zilipangwa Uwanja wa Nyamagana ili ndugu wapite kutambua watu wao, na wengi wakazikwa Igoma, ambako makaburi yao na mnara wa kumbukumbu vipo hadi leo. Baba alichukua mbao zote, akachukua na misumari yote iliyokuwa kwenye duka la mama, akafunga duka. Jambo lililomsumbua, alituambia baadaye, ni kwamba hakuna aliyeleta kamba. Alipima kwa kukisia: mtu mzima mrefu, mtu mzima wa wastani, mtoto. Fundi aliyezoea kumjua kila aliyemtengenezea, safari hii alitengenezea watu asiowajua hata kwa urefu wao. Daftari lake halina mstari wowote wa wiki ile.

Miaka 22 baadaye, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, Ukara, kikitoka Bugolora siku ya gulio. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Walikuwa wanarudi kutoka sokoni na unga, sabuni na sukari zao. Baba alikuwa ameshaacha kazi nzito, lakini aliposikia redioni alinyanyuka akaenda bandani, akasimama mbele ya mbao bila kuchukua kitu.

Leo mambo yamebadilika, na siyo yote kwa ubaya. Michango hutumwa kwa simu na kufika kabla mtumaji hajamaliza kulia. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilipozinduliwa Juni 19, 2025, familia za Sengerema na Geita zilipumzika kusubiri kivuko zikiwa na maiti ndani ya gari. Vyama vya kufa na kuzikana vinaendelea, na bado ni kinga bora ya mtu maskini kuliko kitu kingine ninachokijua. Ila gharama zimepanda kwa njia ambayo baba haielewi, wala mimi siielewi. Mpiga video, fulana zenye picha ya marehemu, wapishi wa kukodi, viti vya kuvalishwa vitambaa, jeneza la kung'aa kutoka mjini. Mgonjwa akiwa hai kundi la ukoo kwenye simu huwa kimya. Akifa linapata mwenyekiti, mweka hazina na bajeti.

Tabia hiyo haikuanza na simu. Utafiti wa kaya uliofanywa Kagera mwaka 1991 hadi 1994 ulikuta kwamba familia zilizofiwa zilitumia fedha nyingi zaidi kwenye mazishi kuliko kwenye matibabu ya yule yule aliyekufa. Sisi wa dukani tulikuwa tukiliona hilo bila utafiti. Ukurasa wa mama ulionyesha nyumba iliyoshindwa kuchukua hata maziwa ya mgonjwa kwa mkopo kwa kuona haya. Wiki iliyofuata nyumba ile ile ikachukua mchele gunia zima bila haya yoyote. Mama alipoanza kuliona jambo hilo alibadili mwenendo. Akisikia kuna mgonjwa, alimtuma mmoja wetu na maziwa na glukosi, akaandika mwenyewe ukurasani, na kutuagiza tuseme: "Mama amesema mtalipa mtakapoweza, mgonjwa anywe." Sidhani kama kuna mahubiri yaliyofanya kazi zaidi ya hayo katika mji wetu.

Duka sasa analiendesha dada yangu. Banda la nyuma lina mlango wake wa barabarani, na fundi kijana aliyefundishwa na baba anafanya kazi humo. Nimewasihi wasitenganishe biashara hizi mbili, hata mshauri wa mikopo aliposema duka la vyakula lingeonekana safi zaidi bila majeneza. Wateja wa chumvi ndio wanaomlinda mfiwa. Siku watakapoondoka, fundi huyo naye atajifunza kuuliza marehemu alikuwa anafanya kazi gani.

Nawe msomaji, kama kwenu bado kuna duka au fundi wa namna hii, kuna jambo dogo unaloweza kulifanya wiki hii. Katika misiba yetu mpishi hulipwa, mwenye turubai hulipwa, mpiga video hulipwa kabla hajawasha kamera, na aliyetengeneza jeneza huambiwa asubiri kwa kuwa ni mtu wa nyumbani. Ulizia kama jina la ukoo wenu limo katika daftari lake. Kama limo, mlipe.